Hivi kweli akili inakaa nyuma ya paji la uso?

Kalamu Butu (#1)
Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja.

Kila makala ya ubongo ninayosoma ina wimbo ule ule: sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo makao ya akili za juu. Kupanga, kuamua, kujizuia, kufikiria kesho, vyote viko pale. Sasa kama vyote viko pale, mtu akiharibika pale si tungetegemea awe mjinga?

Kuna mgonjwa anajulikana kwenye maandiko ya neva kwa herufi tu, EVR. Alikuwa na uvimbe ulioukandamiza ubongo kwa mbele chini, juu ya matundu ya macho. Ulipotolewa, na nyama ya ubongo ya pale ilibidi ikatwe. Watafiti wa ubongo Eslinger na Damasio waliandika habari zake mwaka 1985. Kwenye vipimo vya akili alipata alama za juu kuliko watu wengi wazima. Kumbukumbu safi, lugha safi, na ukimpa kisa cha maadili anakuchambulia bila kukosea. Lakini maisha yake yalibomoka: kazi hakai, fedha alizotia kwenye biashara zikaisha, ndoa ikavunjika, akaoa tena nayo ikavunjika. Kuamua tu waende hoteli gani jioni kungeweza kumla masaa.

Msimamo wangu: akili haikai pale. Pale kuna kitu kingine. Ni nini? Mwenye jibu aje.

Chogo (#2)
Mwenzenu nina chogo la kutosha na siku zote nimeamini mzigo wenyewe uko nyuma. Naweka kiti, nasubiri wataalamu.

Mzee wa Hoja (#3)
Kalamu, umeleta EVR ukamruka mwenye nyumba. Mada hii haianzi bila Phineas Gage.

Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, Vermont. Gage ana miaka 25, msimamizi wa vibarua wanaopasua miamba kupitisha reli. Anashindilia baruti kwenye tundu la mwamba kwa mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6. Baruti ikalipuka. Mtaimbo ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho, ukatokea utosini na kuanguka mbali. Gage hakufa. Muda si mrefu alikuwa anaongea, akapelekwa mjini kwa mkokoteni amekaa kitako.

Alipopona, yule mtu makini aliyeaminiwa na waajiri wake akawa mwenye matusi, kigeugeu, anapanga jambo hili asubuhi na kuliacha kabla halijaanza. Dkt. John Harlow aliyemtibu aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Sasa Kalamu, unataka ushahidi gani zaidi kwamba utu wa mtu uko mbele?

Mlevi wa Vitabu (#4)
Mzee wa Hoja, shikamoo. Simulizi ni tamu ila imeachwa njiani.

Habari za tabia kubadilika Harlow alizichapisha mwaka 1868, wakati Gage alishafariki mwaka 1860. Henry Bigelow wa Harvard alimchunguza mapema zaidi, akatoa taarifa kwamba amepona mwili na akili. Madaktari wawili, mgonjwa mmoja, picha mbili.

Halafu kuna Chile. Gage alikwenda huko mwaka 1852 na kwa takriban miaka 7 akawa dereva wa magari ya farasi ya kubeba abiria. Kushika hatamu za farasi kadhaa kwa pamoja, kufuata ratiba, kuishi na watu wanaosema lugha nyingine: hizo si kazi za mtu asiyeweza kupanga. Mwanahistoria Malcolm Macmillan anashikilia kwamba yule Gage wa matusi alikuwa wa miaka ya mwanzo tu, baadaye alijirekebisha kwa kiasi kikubwa.

Na ubongo wake haukufanyiwa uchunguzi alipokufa. Kilichobaki ni fuvu, lililofukuliwa baadaye, lipo Harvard pamoja na mtaimbo wenyewe. Kila mchoro unaouona mtandaoni ukionyesha eneo lililoharibika ni makisio kutoka kwenye matundu ya fuvu. Makisio ya mwaka 2012 yalisema alipoteza kama asilimia 4 ya gamba la ubongo, lakini kama asilimia 11 ya nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu na sehemu. Hiyo ya pili ikaeni nayo, itatufaa mbele.

Mzee wa Hoja (#5)
Marahaba kijana. Kupona hakufuti kuumia. Mtu akivunjika mguu akatembea baada ya miaka 3 utasema miguu haihusiki na kutembea?

Nesi wa Zamu (#6)
Mnabishana kana kwamba "mbele" ni chumba kimoja. Wodini tunaona wagonjwa wa aina tatu, na ndugu wa hawa wakikutana kwenye benchi la kusubiri wasingeamini wanaugua sehemu moja.

Aliyeumia chini, juu ya macho, hana breki. Anasema linalomjia, anacheka msibani, anatukana wakubwa, anagawa pesa. Aliyeumia juu kwa pembeni ni mpole kabisa, ila mpe mambo mawili ayashike kichwani kwa wakati mmoja, moja linadondoka. Akishaanza njia fulani hawezi kuiacha hata ikiwa haifiki. Wa tatu ameumia katikati, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana. Huyo haanzishi kitu. Unamkuta amekaa ulipomwacha. Ukimuuliza anajibu neno moja, sahihi, kisha kimya. Akiumia sana pande zote mbili anaweza kukaa macho wazi bila kusema wala kusogea, na hajapooza.

Huyu wa tatu ndiye anayenyanyasika zaidi, maana nyumbani wanamwita mvivu.

Ajali za kichwa hupenda kuumiza mbele na ncha za pembeni kwa sababu sakafu ya fuvu maeneo hayo ina mifupa yenye kingo. Ubongo ukirushwa mbele unasuguliwa pale, hata kama pigo lenyewe lilitua kisogoni.

Tausi77 (#7)
Nesi, umenigusa. Kaka yangu alianguka na pikipiki akapoteza fahamu. Picha ya CT ya siku ile ikasomeka haina tatizo, akaruhusiwa.

Ukikaa naye nusu saa hutagundua lolote. Anachambua mpira, anakumbuka majina ya walimu wetu wote. Sasa mwambie: "Simu ikilia pokea, ni fundi bomba, mwelekeze njia." Anairudia neno kwa neno. Simu inalia iko mkononi mwake. Anakitazama kioo chake. Inalia mpaka inakatika. Namuuliza, nilikwambiaje? "Umesema nipokee nimwelekeze fundi." Hana wasiwasi, hana aibu, kama vile tunamzungumzia mtu mwingine.

Juzi alikuwa anafua. Amefungua bomba, beseni linajaa, akaona kitana dirishani. Akakichukua akaanza kuchana nywele, taratibu, upande mmoja kisha mwingine. Maji yamefika mlangoni yeye anachana. Na nywele zenyewe kanyoa!

Nyumbani wamegawanyika. Baba anasema ni makusudi. Kuna siku hata mimi naamini hivyo.

Chogo (#8)
Pole dada. Nimecheka hapo kwenye kitana halafu nikajisikia vibaya.

Tausi77 (#9)
Cheka tu, hata sisi tunacheka. Tusipocheka tutafanyaje.

Mlevi wa Vitabu (#10)
Tausi, pole, na mambo yote mawili uliyoeleza yameandikwa zamani.

La simu: Alexander Luria, Mrusi aliyefanya kazi na askari waliojeruhiwa vichwani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alieleza wagonjwa wa namna hiyo hiyo. Unampa agizo, analirudia vizuri, halitendi. Agizo limefika, limeeleweka, limehifadhiwa, ila haliukamati mkono.

Brenda Milner wa Montreal alionyesha jambo hilo mwaka 1963 kwa kadi. Mgonjwa anapewa kadi zenye maumbo, kila moja ina umbo lake, rangi yake na idadi yake, azipange chini ya kadi 4 za mfano. Haambiwi kanuni. Mpimaji anasema "sawa" au "si sawa" tu. Mgonjwa anagundua kwamba ni rangi. Akipata 10 mfululizo, kanuni inabadilishwa kimyakimya, sasa ni umbo. Wewe na mimi tutakosea mara mbili tatu kisha tutahama. Walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo kwa pembeni waliendelea na rangi, rangi, rangi. Na baadhi, huku mkono unaiweka kadi, mdomo unasema si sawa.

La kitana: François Lhermitte wa Ufaransa mwaka 1983 aliandika kuhusu wagonjwa ambao ukiwawekea kitu mbele wanakitumia bila kuambiwa. Miwani wanaivaa. Ukiweka ya pili, wanavaa juu ya ile ya kwanza. Maelezo yake yalikuwa kwamba sehemu za nyuma zinazoshughulika na vitu vilivyopo ndizo zinazotawala, kwa kuwa ile ya mbele iliyokuwa ikizizuia imelegea. Kitu kinamtumia mtu.

Sina Haraka (#11)
Nina pingamizi dogo. Kipimo cha kadi kimetumika sana tangu hapo, na kuna watu walioumia mbele wanaokipita vizuri, na kuna walioumia nyuma wanaokifeli. Kikitumika peke yake hakikwambii mtu kaumia wapi. Tusikichukulie kama ramani.

FundiWaya (#12)
Afadhali Sina Haraka umefungua mlango. Kosa la uzi mzima ni kudhani kwamba ukiharibu sehemu X na uwezo Y ukapotea, basi Y ilikuwa inakaa X. Richard Gregory, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliisema hii kwa mfano wa redio: chomoa kipande kimoja, redio ianze kupiga yowe. Je, utasema kazi ya kile kipande ilikuwa kuzuia yowe? Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, nawaambia hapana. Umeuliza mtambo uliobaki unafanya nini bila kile kipande. Hilo ni swali jingine.

Ubongo ni nyuzi. Tausi, kuhusu CT ya kaka yako: kichwa kikizungushwa kwa ghafla, ubongo unajipinda ndani ya fuvu na zile nyuzi ndefu zinavutika, nyingine zinakatika, kwenye maelfu ya sehemu ndogo ndogo. CT inaona damu na mfupa uliovunjika. Hizo nyuzi haizioni. MRI, ile picha ya sumaku, inasaidia zaidi, nayo haimalizi. Picha safi haina maana ubongo uko salama.

Tena kuna jambo Constantin von Monakow alilipa jina mwaka 1914: sehemu ikiumia, sehemu nyingine iliyo mbali, nzima kabisa, inazima kwa sababu imekosa mawasiliano. Mtu akipata kiharusi kidogo tu kwenye talamasi, katikati kabisa ya ubongo, anaweza kuonekana kama kaumia mbele. Akili iko kwenye mtandao. Mahali ni kivuli tu.

Nesi wa Zamu (#13)
FundiWaya, njoo zamu moja tu uone hicho kivuli.

Kiharusi cha nusu ya kulia, eneo la juu kwa nyuma. Mgonjwa mmoja aliwahi kunyoa ndevu upande wa kulia wa uso, akajipangusa, akarudisha wembe akiwa ameridhika. Upande wa kushoto ndevu zote zipo. Nikampa karatasi achore saa ya ukutani. Duara zuri. Namba 12, 1, 2, 3, na kuendelea, zote kazirundika kulia mpaka zikapandiana, kushoto peupe. Nikamuuliza saa imekamilika? "Imekamilika." Macho yake yanaona vizuri. Kwake kushoto hakupo.

Na tusimsahau Paul Broca mwaka 1861: mgonjwa Leborgne, anaelewa anachoambiwa lakini kinachotoka mdomoni ni "tan" tu. Alipokufa ubongo ukaonyesha kidonda mbele kushoto. Kwa watu wengi sana wanaotumia mkono wa kulia lugha iko kushoto. Kama mahali ni kivuli, kwa nini kiharusi cha kushoto kinanyamazisha na cha kulia mara nyingi hakinyamazishi?

FundiWaya (#14)
Nilijua utamleta Broca. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa Paris, haukukatwa. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliupiga MRI. Kidonda kilikuwa kimekwenda ndani sana, mbali na pale juu alipopaona Broca, na kikakata njia kuu ya nyuzi inayounganisha mbele na nyuma. Nyuzi tena.

Ndevu siwezi kubishana nazo.

Mzee wa Hoja (#15)
Umebisha vya kutosha, pumzika.

Bint Mwalimu (#16)
Naongeza mtu mwingine, maana mnaizungumzia akili kana kwamba ni moja. Henry Molaison, aliyejulikana kama H.M. mpaka alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kifafa, akatolewa hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, na sehemu za jirani pande zote mbili. Tangu hapo tukio jipya halikushika. Unamsalimia, unatoka, unarudi, anakusalimia upya.

Lakini alama zake za akili hazikushuka. Kabla ya upasuaji zilikuwa 104, baadaye 112. Na Milner yule yule wa kadi alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku kwa siku makosa yakapungua, ilhali kila siku alisema hajawahi kuifanya kazi ile.

Sasa linganisheni na kaka yake Tausi. Mmoja hakumbuki na anaweza. Mwingine anakumbuka na hawezi. Ukimpima kila mmoja kwa karatasi ya maswali, wote wana "akili".

Chogo (#17)
Swali la kizushi: ile ya kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Si ina maana tunazo spea za kutosha?

Sina Haraka (#18)
Uzushi mtupu. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unatumia kama asilimia 20 ya nishati yake mtu akiwa ametulia. Hakuna mwili unaolisha asilimia 90 isiyofanya kazi.

Ila Chogo, una bahati, kuna kitu kiko nyuma kweli. Ubongo wa mtu una seli za neva kama bilioni 86, na kama bilioni 69 kati ya hizo ziko kwenye serebela, kile kibonge cha nyuma chini. Kwa muda mrefu ilisemwa kazi yake ni mwendo na mizani basi. Mwaka 1998 Schmahmann na Sherman walieleza wagonjwa walioumia serebela pekee: kupanga kunawashinda, kubadili njia kunawashinda, hisia zimepooza au zimezidi. Ukificha picha zao ungesema wameumia mbele.

Chogo (#19)
Mmesikia? Kibonge cha nyuma. Nalala vizuri leo.

FundiWaya (#20)
Na serebela imeungana na mbele kwa nyuzi zinazopitia talamasi. Nasema tu.

Kalamu Butu (#21)
Asanteni, uzi umenoga kuliko nilivyotegemea. Narudi kwa EVR, maana mmemwacha.

Maelezo ya Damasio ni kwamba kilichokatika ni hisia. Tunapoamua, mwili hutangulia kutuonya: moyo, tumbo, jasho. Waliipima hoja hiyo mwaka 1994 na baadaye kwa mchezo wa mafungu 4 ya karata. Mafungu mawili yanalipa fedha nyingi lakini mara kwa mara yanatoza faini kubwa, na mwisho wake ni hasara. Mengine mawili yanalipa kidogo, na mwisho wake ni faida. Watu wasio na jeraha la ubongo polepole wanahamia mafungu ya faida, na viganja vyao vinaanza kutoa jasho kila mkono unapoelekea fungu baya. Walioumia mbele chini hawatoi lile jasho la tahadhari, na wanaendelea kuchota kwenye hasara, wengine hata wakiwa wameshakwambia fungu lipi ni baya.

Kwa hiyo EVR alijua bei ya kila kitu ila hakuna kilichomuuma. Ndiyo maana hoteli zote zilikuwa sawa.

Sina Haraka (#22)
Nzuri, ila Maia na McClelland mwaka 2004 waliurudia mchezo huo wakawauliza watu wasio na jeraha la ubongo maswali ya kina zaidi. Wakakuta wachezaji wanajua kwa fahamu zao fungu lipi ni baya mapema kuliko ilivyodaiwa. Kama wanajua, hatuhitaji jasho kueleza kwa nini wanahama. Tena katika mchezo ule fungu baya linaanza kwa kukulipa vizuri. Inawezekana kinachowashinda wagonjwa ni kubadili walichojifunza mwanzo. Tumerudi kwenye kadi za Milner, na habari ya hisia inaweza isihitajike.

Kalamu Butu (#23)
Lakini kubadili peke yake hakuelezi mtu aliyekaa masaa akilinganisha viti na taa za hoteli mbili. Pale hakuna kanuni iliyobadilishwa.

Mkavu wa Sheria (#24)
Mimi linaloniumiza ni lingine. Mwaka 2003 ilichapishwa habari ya mwanaume wa Marekani mwenye umri wa miaka 40, mwalimu, asiye na historia ya makosa ya namna hiyo, aliyeanza tabia za kingono za jinai. Alipatikana na hatia. Siku moja kabla ya hukumu alikwenda hospitali kichwa kinamuuma. Wakakuta uvimbe mkubwa mbele chini kulia. Ukatolewa, tabia ikaisha. Baada ya muda ikarudi. Wakapiga picha, uvimbe umeota tena. Ukatolewa tena, ikaisha tena.

Muhimu ni kwamba alijua ni kosa, alisema hivyo mwenyewe. Sheria katika nchi nyingi inauliza: ulijua unachofanya, ulijua ni kosa? Kwa kipimo hicho ana hatia, na kaka yake Tausi ni mkaidi.

Mzee wa Hoja (#25)
Hapo pa hatari. Kesho kila mwizi atakuja na picha ya ubongo.

Mkavu wa Sheria (#26)
Picha peke yake haitoshi, watu wengi wana uvimbe pale na hawajamgusa mtu. Kilichonishika kwenye kisa hiki ni ule mfuatano: upo, haupo, upo, haupo.

Bint Mwalimu (#27)
Na tusisahau mambo yalivyokuwa ilipoaminika kwamba kuharibu mbele ni tiba. Egas Moniz wa Ureno alianza mwaka 1935 kukata nyuzi za mbele za wagonjwa wa akili, akapewa Nobel mwaka 1949. Walter Freeman akaieneza Marekani, tangu 1946 akipitisha chuma juu ya jicho. Rosemary Kennedy, dada wa aliyekuja kuwa rais, alifanyiwa mwaka 1941 akiwa na miaka 23. Akabaki anahitaji kutunzwa maisha yake yote. Wengi waliandikwa "ametulia". Nesi, huyo si ndiye mgonjwa wako wa tatu?

Nesi wa Zamu (#28)
Ndiye. Kutulia kwa namna ile ilihesabiwa ni kupona kwa sababu hasumbui.

Tausi, kabla sijasahau. Si makusudi, na kumgombeza hakusaidii kwa sababu kujua anajua. Usimwongezee maelezo, badilisha mazingira. Akifua, ondoa kila kitu kingine machoni pake. Mgawie kazi hatua moja moja, iandikwe mahali kazi inapofanyika, siyo kwenye daftari la chumbani. Kengele ya simu iseme kitendo, siyo saa tu. Na mwanzishie: mshike mkono mwanzo, mara nyingi akishaingia anaendelea. Jingine: wengi wao hawaoni tatizo lao wenyewe. Joseph Babinski aliwaelezea mwaka 1914 watu waliopooza upande wakikana kwamba wamepooza. Siyo ubishi, ni sehemu ya ugonjwa. Mtafutieni mtaalamu wa kupima uwezo wa akili na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Picha mpya iombeni, MRI ikiwezekana.

Tausi77 (#29)
Asante sana. Baba nimemsomea, kasema "hmm". Kwake hiyo ni hatua.

Kipanga (#30)
Msomaji wa kimya hapa. Mzee wangu hajapata ajali wala kiharusi. Ana miaka 58. Polepole kwa kama miaka miwili amekuwa mwingine: alikuwa mtu wa haya, sasa anawatania vibaya watu asiowajua, ananunua vitu vile vile kila siku, na mama alipougua hakushtuka hata kidogo. Kumbukumbu anayo, barabara zote anazijua. Tulimpeleka, akaulizwa tarehe na kuhesabu kurudi nyuma, akapata yote. Wakasema ni uzee.

Mlevi wa Vitabu (#31)
Miaka 58 si uzee wa kueleza hayo. Kuna shida ya akili inayoanzia mbele na pembeni. Arnold Pick alianza kueleza wagonjwa wa kundi hilo mwaka 1892. Tofauti na Alzheimer ya kawaida, ule ugonjwa wa kusahau, kumbukumbu inaweza kubaki muda mrefu huku tabia ikianza kuondoka.

FundiWaya (#32)
Na ugonjwa huo hausambai ovyo. Mwaka 2009 William Seeley na wenzake walionyesha kwamba magonjwa ya aina hii yanakula sehemu ambazo kwa mtu mwenye afya zinafanya kazi pamoja kama mtandao mmoja.

Mzee wa Hoja (#33)
Mtandao ambao kwa huyu mzee umeanza kuliwa mbele. Nasema tu, na mimi.

Nesi wa Zamu (#34)
Acheni kwanza. Kipanga, hakuna anayeweza kumpima mzee wako hapa. Tezi ya shingo, sonona, uvimbe unaokua taratibu, damu iliyovuja polepole chini ya fuvu, vyote vinaweza kubadilisha tabia, na baadhi vinatibika, kwa hiyo vitafutwe kwanza. Nendeni kwa daktari wa neva.

Kipanga (#35)
Shida atakataa. Anasema yeye ni mzima, sisi ndio wagonjwa.

Nesi wa Zamu (#36)
Msibishane naye kuhusu hilo. Mwambie ni vipimo vya kawaida vya umri wake, shinikizo la damu na sukari, na kweli vipimwe. Mama aende naye, na aombe dakika chache na daktari mzee akiwa hayupo, kwa sababu mbele yake ataona haya kusema. Kabla ya hapo andikeni visa, siyo maoni. Msiandike "amekuwa mkorofi". Andikeni alifanya nini, lini, mbele ya nani, na zamani kwenye hali ile ile angefanyaje.